Shemeji anasema bima ndogo inatosha

Kila msimu wa kahawa ukichangamka huku kwetu Kagera, simu yangu nayo inachangamka. Watu wanashika hela, watu wananunua magari, halafu mtu anakumbuka kwamba ana dada wa kumuuliza. Wiki hii nina ujumbe wa mwalimu mmoja wa Nkwenda, naufupisha kidogo: "Dada, tumenunua IST namba D kwa milioni tisa, nusu akiba ya kahawa, nusu mkopo wa SACCOS. Mimi nataka tukate bima kubwa. Mume wangu anasema bima ndogo inatosha, hiyo nyingine ni kuwapa watu hela ya bure. Jumamosi na siku za gulio yeye hupakia abiria mpaka Omurushaka, ili mkopo usitulemee. Tukate ipi?"

Mdogo wangu, swali umeliweka mwishoni, lakini kilichonishtua ni hiyo sentensi ya Jumamosi na gulio. Nitairudia. Kwanza nimpe shemeji haki yake, maana naye hajasema uongo.

Bima ndogo ndiyo ambayo sheria inaidai. Iko kwenye Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, na bila hiyo huruhusiwi kulitembeza gari barabarani, hata kama unatoka Rubwera kwenda Nkwenda kununua sukari. Jina lake kamili ni bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, wa tatu ni kila mtu mwingine: mwenye bodaboda uliyemgonga njia panda ya Omurushaka, mama aliyekuwa anavuka na mkungu kichwani, mwenye duka uliyeingia kwenye baraza lake. Hao ndio wanaolipwa. Wewe umo humo kwa maana moja tu, kwamba kampuni inabeba deni ambalo lingekuangukia. Taa yako iliyovunjika, boneti lako, kioo chako, hivyo ni mali yako na utajijua mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Nimesikia mtu mzima kabisa, mwenye gari la milioni ishirini, akisema "gari langu lina bima" huku mkononi ana bima ndogo. Gari lake halina bima. Wenye bima ni watu atakaowagonga.

Nadhani tumerithi mazoea haya. Baba zetu waliijua bima moja, ya Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa 1963, na tangu 1967 hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Soko lilikuja kufunguliwa kwa sheria ya 1996. Miaka yote hiyo bima ilionekana kama kodi: unalipa, unapewa karatasi, unaibandika kwenye kioo ili trafiki asikusumbue. Kuuliza inalipa nini lilikuwa swali la wasomi. Shemeji anaongea kwa sauti ya baba yake, tumsamehe.

Sasa hesabu, maana mwalimu anaelewa hesabu. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi ni 100,000, ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa ya gari la binafsi kiwango chake cha kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa IST yenu ya milioni tisa hiyo ni 315,000, na VAT inakuwa 371,700. Tofauti ya hizo mbili ni 253,700 kwa mwaka, kama elfu ishirini na moja kwa mwezi. Kaeni wawili mezani mwulizane ni mikungu mingapi ya ndizi hiyo. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka uwaulize: ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Gari likiungua au likiibwa unalipwa, ukiligonga mwenyewe hulipwi. Kwa anayelala na gari nje mjini ina maana yake. Kwetu, ambako adui ni barabara kuliko mwizi, mimi siipi uzito mkubwa.

Nisiseme sana bila kuwasimulia langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na Spacio. Jioni moja natokea Kyaka, ile lami ya kilomita 59 ya kuja Bugene, mahali mvua imetoka kunyesha na jua linapiga machoni. Ng'ombe wakavuka. Hawa wetu wa Ankole, pembe kama mikono ya mtu anayeomba mvua. Watatu wakapita, nikadhani wamekwisha, nikaachia breki. Wa nne alikuwa nyuma ya kichaka. Nakumbuka sauti ya pembe kwenye kioo, halafu kimya, halafu maji ya rejeta yakichuruzika kwenye lami. Ng'ombe akainuka, akajikung'uta, akafuata wenzake. Kijana mchungaji alinitazama mimi, akamtazama ng'ombe, akachagua ng'ombe.

Sikuumia. Na nilikuwa na bima kubwa, kwa hiyo nilikaa pembeni ya barabara nikisubiri msaada huku moyo umetulia kabisa, najisifu kwa akili zangu.

Fundi wa Kayanga na asesa wa kampuni walikubaliana kwamba matengenezo ni 1,800,000: boneti, rejeta, taa zote mbili, kioo, kunyoosha na rangi. Kampuni ikanilipa milioni moja. Nikapiga simu kwa ukali. Dada wa upande wa pili akaniuliza kwa upole, "Mama, gari lako ulilinunua shilingi ngapi?" Nikasema milioni kumi na mbili. Akasema, "Kwenye fomu uliandika nane."

Ni kweli niliandika nane. Wakala aliniambia nikipunguza thamani malipo yatapungua, nami nikaona amenipenda. Wadogo zangu, sikieni jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Ukilikatia bima gari la milioni 12 kana kwamba ni la milioni nane, umelikatia theluthi mbili. Basi hata hasara ndogo kampuni itakulipa theluthi mbili, theluthi iliyobaki ni bima uliyoamua kujiuzia mwenyewe. Theluthi mbili ya 1,800,000 ni 1,200,000. Kisha wakatoa laki mbili za eksesi, yaani kile kipande cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hukibeba mwenyewe. Ikabaki milioni moja. Kwa kudanganya thamani nilikuwa nimeokoa 165,200. Nikapoteza laki sita. Wakala sikumwona tena, lakini sahihi kwenye fomu ilikuwa yangu.

Kupandisha thamani nako hakukuongezei kitu. Gari likiisha kabisa unalipwa thamani yake ya sokoni siku ile, hata kama uliandika milioni ishirini ili kuwatambia mashemeji. Gari linashuka bei kila mwaka, kwa hiyo kila unapokata upya ulizia soko, usinakili namba ya mwaka jana. Na ulizeni eksesi kabla ya kulipa. Bima kubwa ya bei rahisi ajabu mara nyingi ni ile yenye eksesi nene. Unakuja kugundua hasara zako zote ndogondogo zinaishia humo humo, kampuni haitoi hata senti.

Basi turudi Nkwenda, kwenye ile sentensi ya Jumamosi na gulio.

Kwenye fomu ya maombi kuna sehemu inayouliza matumizi ya gari. Watu wanaipita haraka kuliko sehemu ya anwani. Ukiandika "binafsi", kampuni inakuhesabia hatari ya mwalimu anayekwenda shule, kanisani na msibani. Hiyo asilimia 3.5 niliyowapigia hesabu ni ya mtu huyo. Siku IST imejaa abiria wanaolipa nauli, wawili kiti cha mbele na watano nyuma, mtoto amepakatwa, buti limefungwa kwa kamba juu ya magunia, hilo si gari la mwalimu tena. Ni mchomoko, teksi bubu. Kampuni ikigundua, na itagundua kwa sababu abiria ndio mashahidi wa kwanza kuhojiwa na polisi, inayo haki ya kukataa kulitengeneza gari lenu, hata kama mmelipa bima kubwa mpaka senti ya mwisho. Kwa walioumia sheria inawalinda zaidi, lakini msishangae kampuni ikiwalipa wao kisha ikawageukia ninyi ikitaka hela yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wewe na shemeji mnabishania kubwa na ndogo, na ugomvi wenyewe uko kwenye neno moja la matumizi. Bima kubwa iliyoandikwa "binafsi" kwa gari la abiria ni 371,700 za kutupa mtoni. Bora hata bima ndogo iliyosema kweli. Mnayo njia mbili. Ama shemeji aache gulio, gari libaki la nyumbani, mkate kubwa ya binafsi mlale usingizi. Ama mkubali kwamba ni gari la biashara: mtafute leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mkate bima ya biashara ya abiria, ambayo ni ghali zaidi, halafu mpige hesabu upya kama nauli za Omurushaka bado zinaleta faida. Mimi nikiwajua abiria wa gulio wanavyoomba kupunguziwa nauli, nina shaka. Lakini hilo ni la mezani kwenu.

Msidhani ni michomoko tu. Wenye pikapu, na ninyi mpo: kubeba kahawa yako mwenyewe kupeleka chama cha msingi ni jambo moja, kubeba magunia ya kijiji kizima kwa malipo ni jambo lingine, na kupandisha vijana sita juu ya magunia ni la tatu ambalo hakuna bima iliyotungwa kulipenda. Na anayevusha kahawa usiku kwa njia za panya kwenda Uganda asiniandikie kabisa. Hakuna wakala atakayekujazia hiyo kwenye fomu.

Nimeitaja Uganda, na watu wa Kyerwa wanajua kwa nini. Kwa mtu wa Murongo, kuvuka Mto Kagera kwenda Kikagati ni kama kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Watu wanapeleka wagonjwa Mbarara, wanakwenda harusini, wanafuata spea. Bima yako ya kawaida inaishia kwenye mpaka wa Tanzania. Ukivuka na gari unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambulika Uganda, Rwanda na nchi nyingine za mpango huo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye Kadi ya Njano tulibaki, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haituhusu. Iombe kwa kampuni au wakala wako kabla hujaondoka, siyo wakati umeshafika kizuizini.

Sasa sikilizeni hapa, maana wenye bima kubwa ndio wanaoangukia kwenye shimo hili. Kadi ya Njano ni ya mtu wa tatu, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Hailitengenezi gari lako. Ukiligonga njiani kwenda Mbarara, bima kubwa uliyokata Kayanga inaweza isikujue, isipokuwa uliomba iongezwe eneo na ikaandikwa. Anayepitia Rusumo kwenda Rwanda akumbuke pia kule wanaendesha kulia. Dereva mzuri wa Karagwe anakuwa mwanafunzi tena ghafla, kwenye mzunguko wa kwanza tu.

Lingine la kuuliza ni majanga. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika mkoa wetu wa Kagera kwa ukubwa wa 5.9, nyumba zikaanguka Bukoba, na huku kwetu nako hatukupona. Gari lililoegeshwa chini ya ukuta lilikuwa na bima? Inategemea. Kuna bima kubwa zinazojumuisha tetemeko na mafuriko, nyingine zinayaweka kando mpaka uongeze kitu. Mwambie wakala akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa. Kwa kidole, siyo kwa mdomo. Hapo hapo ulizia gari likifa porini nani analivuta, maana kutoka Kimisi mpaka gereji ya Bukoba au Mwanza gharama ya kuvuta peke yake inaweza kukutoa machozi. Pori la Kimisi lilitutisha kwa majambazi zamani, mabasi yakisindikizwa na askari. Leo linatisha kwa gharama ya brekidauni.

Je, nani akate bima ndogo bila kuona aibu? Mwenye Carina ya siku nyingi, bei yake sokoni ni milioni mbili na nusu, inakwenda Kayanga mara moja kwa wiki. Kwanza baadhi ya kampuni hazitaki kabisa kulikatia bima kubwa gari lililozeeka. Pili, ukipoteza milioni mbili na nusu utaumia, utanuna mwezi mzima, kisha utaendelea na maisha. Mwenye gari la mkopo hana uchaguzi huo. Benki nyingi hukulazimisha kubwa, na SACCOS isipokulazimisha jilazimishe, kwa sababu gari likiisha mkopo haujui kwamba gari limeisha. Marejesho yatakuja mwisho wa mwezi kama kawaida, na wewe unatembea kwa miguu. Mimi kipimo changu ni hicho: likiisha leo, utauza nini? Kama jibu ni "kipande cha shamba la mibuni", kata kubwa. Tumeona kinachowapata waliouza kahawa ikiwa bado maua, ile butura. Sitaki mwingine afike huko kwa ajili ya boneti.

Ukishalipa, usiridhike na stika uliyotumiwa kwenye simu. Ingia kwenye TIRA MIS, mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, andika namba ya gari. Soma kilichotokea: jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Wapo waliolipa hela ya kubwa wakakuta wamesajiliwa ndogo. Na bima haianzi siku mliyoelewana na wakala. Inaanza hela ikiwa imelipwa. "Nitakumalizia Ijumaa" ni maneno ya buchani.

La mwisho ni siku yenyewe ya ajali, Mungu aiweke mbali. Sisi watu wa huku tuna utu wetu. Umemgonga mtu, unakwenda hospitali ya Nyakahanga na sukari, sabuni na pole. Nenda, tena nenda mapema, hakuna kampuni ya bima inayoweza kukukataza ubinadamu. Lakini ndugu wa majeruhi watakuja na karatasi ya daftari: "Andika kwamba ulikosea na kwamba utalipa milioni mbili, tuyamalize kifamilia, tusiwasumbue polisi." Usiandike. Mkataba wako unakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua, na karatasi hiyo moja inaweza kukutoa kwenye bima nzima. Piga picha, usiondoe gari kabla polisi hawajapima, majeruhi apate PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu, toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo. Wanaomaliza kifamilia ndio hao majeruhi wanaobaki na mguu mbovu na milioni mbili zilizolipwa laki tatu, kwa sababu dereva alikuwa hana hela na kampuni haikuambiwa. Na kampuni ikikukatalia dai bila sababu unayoielewa, andika malalamiko kwao, wakikaa kimya peleka TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa msuluhishi mlalamikaji halipi chochote.

Basi, mwalimu wangu, msalimie shemeji. Mwambie dada amesema ana haki nusu. Kabla hamjalipa, mtafute fomu tupu, muijaze kwa penseli usiku mmoja, hasa palipoandikwa matumizi na palipoandikwa thamani, kisha mniambie mliandika nini. Mimi niwaache hapa. Bima yangu inaisha Jumatatu, wakala amepiga mara mbili tangu asubuhi, na bado sijaulizia IST kama yangu sasa hivi inauzwa shilingi ngapi pale Kayanga.